Chapa ya Ng'ombe Ubavuni mwa Tairi

Nyahanga, Kahama
Jumatano, alasiri

Masanja mwanangu,

Najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia mwisho, kutafuta nani amekufa. Hii usiisome hivyo. Anza hapa juu, ushuke taratibu. Kurasa nimezitia namba na mama yako amezihesabu. Ukikuta pungufu, ujue kuna mtu amechomoa moja, na mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila mimi.

Habari za maji ya rejeta, za kulala na ufunguo wa gari chini ya mto, za kutomwazima mtu jeki, hizo sizirudii. Umezisikia tangu miguu yako haijafika kwenye klachi. Unaendesha vizuri kuliko nilivyoendesha mimi nilipokuwa na umri wako. Sijawahi kukuambia neno hilo kwa kuogopa utavimba kichwa, lakini kesho unaondoka, basi lichukue. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya Paulo, fundi matairi.

Wewe unamjua Paulo kuwa ni mtu aliyemvunja mama yako mguu. Hivyo ndivyo ulivyolelewa humu ndani, na aliyekulea hivyo ni mimi. Jumapili, ulipopata habari kwamba umekubaliwa kuendesha pikapu ya kupeleka vyakula kwenye mashimo ya dhahabu Geita, tulifurahi sote. Kisha yule mwenzako aliyekuletea habari akakuambia kwamba pale njia panda ya kuingilia mashimoni yupo fundi matairi mmoja tu, mtu wa Ushirombo, anaitwa Paulo. Uliacha kula. Ulisema, "Mungu mwenyewe ameniletea." Mimi nikakuambia umalizie ugali wako, ukapoa ukiwa mbele yako.

Jana nilikuona ukifunga nondo ndani ya taulo na kuitia katikati ya nguo zako. Hukujua kwamba naona, lakini unajua baba yako ni mtu wa kuchungulia. Nondo haizibi pancha, Masanja. Najua unakoipeleka. Kwa ajili ya nondo hiyo nimeacha kazi leo na kukaa mezani na daftari lako la zamani la shule, nikuambie jambo ambalo nilitaka kufa nalo.

Nitaanza mbali kidogo. Nivumilie.

Kabla hujazaliwa, nikiwa kijana, nilinunua matairi mawili Shinyanga mjini. Yaling'aa, na meno yake yalikuwa marefu. Muuzaji alikuwa mtu mpole kabisa, akaninunulia na soda. Nilitoka pale nikipiga mluzi. Nilipofika Samuye mvua ikanyesha, na gari likaanza kuteleza kama linaendeshwa na mlevi. Nikashuka kutazama. Nilipolishika tairi, mkono ukatoka mweusi. Ilikuwa rangi ya viatu. Yale meno yalikuwa yamechongwa kwa kisu cha moto kwenye matairi kipara, mpaka nyuzi za ndani zilikuwa zinachungulia. Yalipasuka yote mawili kabla ya jioni. Nikakaa kando ya barabara, akapita mzee mmoja na ng'ombe wake, akayatazama, akasema, "Dereva, wamekuuzia viatu vilivyopigwa rangi." Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipa maziwa, lakini kicheko chake nilikibeba miaka mingi.

Siku hiyo niliapa. Na kiapo changu ndicho kilichoniharibu. Mtu mwenye akili angeapa kuyajua matairi. Mimi niliapa kutomwamini mtu.

Hayo mengine umeyaona mwenyewe ukikua. Chupa ya mafuta ya taa nikaifunga uzi kuonyesha yalipoishia, ili nijue kama yamepungua nikiwa safarini. Nikipimiwa mchele namwambia muuzaji ainue kibaba nione chini. Padri aliponipa mkono nilimtazama mkono wa pili unafanya nini. Mama yako alikuwa akisema, "Baba Masanja, wewe hata kivuli chako ukikigeukia ghafla kitakimbia." Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa najisifu kwamba baada ya Samuye hakuna aliyewahi kuniuzia rangi ya viatu.

Sasa njoo kwenye miaka ile ya shida. Wewe ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka foleni za sabuni na sukari, lakini foleni ya matairi hukuijua. Tairi jipya lilitoka kwa kibali. Unaandika barua, unasubiri, unaambiwa yamekuja ya malori tu. Unasubiri tena. Tulikuwa tunashona tyubu kwa uzi wa viatu. Nimewahi kutoka Ushetu na tairi moja limeshindiliwa majani makavu badala ya upepo, abiria wanaruka huko nyuma na kunilaani kwa Kisukuma na Kisumbwa. Magari mazima yalisimama juu ya matofali kwa kukosa tairi, kuku wakataga ndani.

Ndipo Paulo alipokuja na matairi ya mashindano.

Usijifanye humkumbuki Paulo wa wakati ule. Alikuwa rafiki yangu. Kibanda chake cha kuziba pancha kilikuwa hapa hapa Nyahanga, na gari lako la kwanza la waya alilitengeneza yeye, akalikatia magurudumu kwenye ndala zake mwenyewe akarudi nyumbani peku. Alikuwa mtu wa kanisani, mnene wa mikono, anaongea kidogo. Alikuwa na ndugu huko mpakani, na ndugu huyo akaanza kumletea matairi yaliyotumika siku moja au mbili kwenye magari ya mashindano. Mwenye gari la mashindano hulitupa tairi likiwa bado lina uhai. Paulo aliyauza karibu na bure.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Salum, yule dereva wa Landrova aliyekuwa akizunguka kwa wakulima wa tumbaku Ushetu, tulipokuwa tunakunywa chai mgahawani. Salum alikuwa ameshayafunga.

"Utabaki na methali zako," Salum akaniambia. "Mimi jana nimepita kwenye matope ya Ushetu wenzangu wakiwa wamezama mpaka milangoni. Yananata, ndugu yangu. Kona unakata kama huna mzigo."

"Kasoro yake?"

"Yanakwisha upesi. Laini. Na yanavuma barabarani, abiria wanadhani kuna nyuki ndani ya gari."

"Na nyingine?"

"Nyingine ipi? Kunywa chai."

Nilikwenda kwa Paulo kuyatazama. Niliyagonga kwa spana, nikayanusa, nikayasugua kwa kitambaa chenye petroli kutafuta rangi. Sikupata kitu. Nikamuuliza, "Kama ni mazuri, mbona rahisi hivi?"

Akasema, "Kwa sababu hayadumu. Mpira wake ni laini ili ushike. Mwaka ukiisha utakuwa umeyamaliza. Ukitaka la kudumu, subiri kibali."

Ni jibu la kweli, Masanja. Leo nalisoma kichwani na sioni doa. Lakini mimi nilisikia muuzaji anayetaja kasoro ya bidhaa yake mwenyewe, nikawaza kwamba mtu huyu ananipa kasoro ndogo ili nisitafute kubwa. Hata hivyo nikayachukua, manne, kwa sababu sikuwa na njia nyingine.

Alipokuwa ananifungia, akasema jambo. Maneno yake nayakumbuka yote. "Lutonja, haya usiyachome namba. Najua nyinyi madereva mnachoma namba ya gari kwenye tairi kuzuia wezi. Ya lori ni mazito, yanastahimili. Haya mbavu zake ni nyembamba. Ukitaka alama, andika kwa rangi."

Nikamjibu, "Sawa, fundi." Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshikwa na wazo moja. Kwa nini hataki niyatie alama? Rangi inafutika kwa petroli. Mtu asiyetaka matairi yako yawe na alama isiyofutika ni mtu anayefikiria siku utakapoyaleta kuziba pancha. Atakuzibia pancha, atakurudishia jingine lililochoka, na lako atamuuzia mwingine. Niliona kila kitu waziwazi. Nilijipongeza. Nilisema, Paulo, umesoma kitabu, lakini mimi nimekiandika.

Unakijua kile chuma cha babu yako, cha kuchomea ng'ombe chapa, kilichokuwa kikining'inia stoo. Chapa ya ukoo wetu, mwezi mchanga wenye mkia. Ng'ombe wa kwetu hata akiibiwa akapelekwa mbali, mwenye macho atasema huyu ni wa kwa Lutonja. Nilisubiri siku ambayo wewe uko shule na mama yako yuko kwenye majaruba ya mpunga. Nikawasha mkaa, nikakiweka chuma mpaka kikawa chekundu. Nikayafungua matairi yote manne, nikayachoma moja baada ya jingine, na sikuyachoma ubavu wa nje. Niliyachoma ubavu wa ndani, unaotazama chini ya gari, ili mwizi asijue kama kuna alama. Mpira ulitoa moshi wenye harufu mbaya sana, na chuma kikazama. Kilizama zaidi ya nilivyotaka. Kwenye lile la nyuma kushoto nilikandamiza kwa nguvu kwa sababu nilisikia hatua za mtu nje nikashtuka. Alikuwa mbuzi wa jirani.

Nikanawa mikono. Mama yako aliporudi akauliza nini kinanuka, nikamwambia nimechoma ndala mbovu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Miezi ile iliyofuata ndiyo iliyokuwa mitamu kuliko yote niliyoendesha maishani. Lazima niseme ukweli huo pia. Ile Pijo yetu, pikapu ya kubebea viazi na watu, ilikuwa inashika barabara ajabu. Kwenye udongo mweusi mvua ikinyesha, wengine wanakata matawi ya kutia chini ya magurudumu, mimi napita na abiria wananipungia kama harusi. Madereva wakawa wananiuliza, na mimi, kwa roho yangu ilivyo, nikawa nawaambia, "Ya kawaida tu." Sikutaka wajue kwa Paulo kuna kitu. Kila nilipopeleka pancha kwake, nilirudi nyumbani nikaingia chini ya gari kutazama kama mwezi wangu uko pale. Ulikuwepo kila mara. Wala hilo halikunifundisha. Nilisema tu, bado anasubiri.

Kisha ikaja siku yenyewe. Mama yako alikuwa ametoka kwa dada yake Ushirombo na gunia la mchele. Akataka kukaa mbele, nikamwambia mbele yupo mzee mgonjwa. Akakaa nyuma pamoja na abiria wengine, mgongo kwenye gunia. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, barabara kavu, mteremko mdogo. Sikuwa mbio, wala sikuwa nimelewa. Nikasikia mlipuko, gari likakaa upande wa kushoto, likavuta, likaenda mtaroni na kulala ubavu. Watu walirushwa kwenye mtama. Wote waliinuka wakijipangusa, isipokuwa mama yako. Ubao wa gari na lile gunia vilikuwa juu ya goti lake.

Hayo ya hospitali ya misheni unayajua, ulikaa naye. Usichokijua ni nilichokiona kabla hatujampeleka. Wakati watu wanamtoa, mimi nilizunguka nyuma ya gari. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limefunguka ubavu wa ndani. Lilichanika kufuata chapa, kutoka kwenye mkia wa mwezi, likapita katikati ya upinde, likatokea upande wa pili. Nyuzi pale zilikuwa nyeusi, zimeungua. Nilielewa palepale, Masanja. Sikuhitaji fundi. Mama yako alikuwa analia "Mayo, mayo", akimwita mama yake, hatua kumi kutoka niliposimama, na mimi nilikuwa nalifunika tairi kwa turubai.

Kabla ya jioni nilikuwa nimeshasema. Salum alipofika na Landrova yake kutusaidia, akauliza, "Imekuwaje?" Nikasema, "Tairi la Paulo." Maneno matatu. Sikuyapanga, yalitoka yenyewe, kwa sababu kwa miezi yote ile nilikuwa nimeyaweka tayari. Nilikuwa nasubiri Paulo anidhulumu, basi dhuluma ilipotokea, jina lake ndilo lililokuwa mdomoni.

Nilipofika nyumbani nililikata lile tairi. Nililipeleka sokoni kwa mshona katambuga, vile viatu vya tairi, akalikatakata. Sehemu yenye chapa niliichoma moto. Zilizobaki akashona pea nne, akanipa mbili. Moja niliivaa mimi. Nyingine ulivaa wewe, ukaendea shule mwaka mzima. Ulizipenda kwa sababu zilikuwa laini. Kila uliponipita nilikuwa nageuza uso, nawe ukadhani nimekukasirikia. Uliwahi kumuuliza mama yako umekosa nini. Hukukosa kitu.

Yale matatu niliyafungua nikayazika shambani. Angalau hilo nililifanya, hakuna mtu mwingine aliyeyapanda.

Paulo alikuja hospitali siku ya tatu na uji kwenye chupa ya chai. Mama yako alikuwa ameshasikia kwangu. Alimwaga uji ule sakafuni mbele ya macho yake. Paulo akachukua tambara akapangusa sakafu, akatoka nje, akanikuta ukumbini.

"Lutonja," akasema, "nakuomba jambo moja. Nionyeshe tairi."

"Limeshatupwa."

"Lilipasukia wapi? Usoni au ubavuni?"

"Sikutazama. Mke wangu alikuwa chini ya gari."

Nafikiri alijua. Nafikiri pale ukumbini alielewa kila kitu, maana yeye ni fundi na mimi ni mwongo anayejifunza tu. Akasema tu, "Haya. Mungu amponye."

Mtu anayejua siri yako ni wa hatari. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Ndiyo maana wazee wa mtaa walipokaa, wakamsikiliza Salum akisema matairi yake ni mazima mpaka leo, wakamsikiliza Paulo, kisha wakauliza mimi niliyedhurika nataka nini, sikutaka ng'ombe wala faini. Mzee mmoja alinishauri nichukue ng'ombe. Nikakataa. Nikasema atengwe.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, ukaona baba yako ni jasiri. Nitakuambia kwa nini nilichagua atengwe. Mtu aliyetengwa hasalimiwi, haombi moto kwa jirani, haendi msibani, na msiba wake hauendewi. Lakini kubwa zaidi, hana wa kuzungumza naye. Mtu asiyezungumza na yeyote hawezi kuuliza tairi lilipasukia wapi. Wazee walitazama mguu wa mama yako, wakanipa nilichoomba.

Mvua zilipoanza, mtoto mchanga wa Paulo akafa. Nilikuwa napita na gari, nikamwona nyuma ya nyumba yake akichimba kaburi peke yake, na mkewe amekaa chini na kile kifurushi mapajani. Jirani zao walikuwa barazani kwao, wanatazama pembeni. Kaburi la mtoto ni dogo, lakini udongo ulikuwa umejaa maji, kila akitoa unarudi. Nilikuwa na sepetu nyuma ya gari. Nilibadilisha gia nikapita. Baada ya mwezi wakahama, ikasemekana wamekwenda upande wa Geita, na watu wakanipongeza kwamba mtaa umesafishika.

Miaka mitano nimeishi na hiyo picha. Usifikiri ilinifanya mtu mwema. Ilinifanya niwe na shaka zaidi. Kila aliyenisalimia kwa furaha nilijiuliza amesikia nini. Salum alipoacha kuja kwangu, nikasema ananionea wivu. Mama yako alipokaa kimya jioni, nikajua amegundua. Kumbe goti lilikuwa linamuuma tu. Mtu anayewashuku wengine anaweza kupata kupumzika wakimthibitishia wema wao. Mimi nilikuwa namshuku mtu ambaye niliamka naye ndani ya ngozi moja, na ushahidi ulikuwa wote dhidi yake.

Sikwambii uwaamini watu, Masanja. Huko mashimoni wapo watakaokuuzia changarawe ukidhani ni dhahabu, na matairi yaliyochongwa kwa kisu bado yapo, yapime. Lakini mtu akikuambia mbavu ni nyembamba, pima mbavu. Usipime roho yake. Mimi niliacha kitu nilichoweza kukishika kwa mkono, nikahangaika na kitu kisichoonekana.

Leo saa saba mchana nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage. Nilianza kwa kuzunguka, akaniambia, "Sema." Nikasema yote, kuanzia mkaa mpaka kaburi. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliendelea mpaka yakaisha kwenye ungo, kisha akasema:

"Mguu ni wangu, nitajua mwenyewe la kuufanya. Lakini wewe umenifanya nimwage uji wa mtu. Miaka mitano nimekuwa nikimwombea mtu yule mabaya, kila Jumapili, kwa jina. Na mtoto wake akafa. Sasa maombi yale mimi nayapeleka wapi?"

Niliokota maharage yaliyoanguka chini, nikayarudisha kwenye ungo.

Nikamwambia nitakueleza wewe kesho kituoni. Akasema hapana. "Wewe kwa mdomo utaipunguza. Kweli gete, nakujua. Andika, nami nitasoma." Kwa hiyo anasoma. Ukurasa ukijaa anauchukua, anasoma akiwa amesimama na fimbo yake, anaurudisha. Mara mbili ameniambia nifute niandike upya. Mara ya kwanza niliandika kwamba chuma kilizama kwa bahati mbaya. Mara ya pili niliandika kwamba sikumwona vizuri Paulo pale kaburini.

Kesho hutaondoka peke yako. Mama yako amefunga khanga zake na anakwenda nawe mpaka njia panda. Hajui atasema nini, anasema atajua akifika. Nikauliza kama na mimi nije. Akasema, "Wewe utakwenda siku atakayokuita yeye. Asipokuita, hukuitwa." Basi mbele ya mtu yule atasimama mama yako, na wewe utasimama nyuma yake, na mikono yako iwe mitupu. Kubali akusalimie au asikusalimie. Akitaka kukufukuza, ondokeni. Ukipata pancha huko na hataki kukuzibia, jifunze kuziba mwenyewe.

Jumamosi nakwenda mbele ya wazee wa mtaa. Nimeshamwambia mwenyekiti kwamba nina jambo, hakuuliza ni lipi. Adhabu yake naijua, kwa sababu niliichagua mimi mwenyewe, na sioni kwa nini wanipe nyepesi kuliko niliyompa yeye. Mama yako nimemwambia asiniombee. Akasema hakuwa na mpango huo.

Kwa hiyo ukija likizo, utakuta mambo yamebadilika. Jirani watakuwa wanapita mlangoni wakitazama barabara. Usigombane nao hata mmoja, wanafanya walichoambiwa, na wana haki. Na wewe mwenyewe, ukifika pale uani ukanikuta nimekaa, sitakusemesha kwanza. Nitasubiri. Ukiweza kuniamkia, niamkie. Ukipita ukaingia ndani kwa mama yako bila neno, nitajua kwamba barua hii umeisoma mpaka mwisho.

Baba yako,
Lutonja